Somo la Udongo: Shamba Lililoletwa na Mto

1. Udongo mwenyeji na udongo mgeni

Udongo mwingi hukaa mahali ulipozaliwa. Jiwe la mlimani hupigwa na jua mchana na baridi usiku, likapasuka. Maji ya mvua huingia katika nyufa zake, na mizizi ya miti huzipanua. Baada ya miaka mingi sana jiwe huoza, likawa changarawe, na changarawe ikawa udongo. Udongo huo ni mwenyeji. Ukichimba chini yake utakuta jiwe lile lile lililouzaa.

Lakini uko udongo mwingine ulio mgeni mahali ulipo. Haukuzaliwa hapo, bali umesafiri. Mvua iliuchukua milimani, kijito kikaupokea, mto ukaubeba, na mafuriko yakautua bondeni. Ukichimba chini yake hutakuta jiwe lililouzaa, kwa maana jiwe hilo liko mbali, pengine mwendo wa siku nyingi. Utakuta udongo mwingine ulioletwa mwaka uliotangulia, na chini ya huo mwingine wa miaka ya nyuma zaidi. Huu ndio udongo wa bonde la mafuriko, nao ndio tutakaojifunza katika somo hili.

Mfano wetu utakuwa bonde la chini la mto Rufiji, katika nchi ya Tanzania. Rufiji hupata maji yake kutoka mito mitatu mikubwa. Kilombero na Luwegu hukutana, na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanza. Kisha Ruaha Mkuu huingia kutoka upande wa kaskazini. Eneo lote linalotiririsha maji yake katika mto huu ni kilometa za mraba zipatazo 177,000. Basi fikiri, mwanafunzi: kila tone la mvua liangukalo katika nchi hiyo kubwa, lisiponyweka ardhini wala kukauka juani, hatimaye hupita Rufiji, likichukua kidogo cha udongo wa mahali lilipoanguka. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kwa njia hiyo mto umejaza bonde zima, na kupeleka udongo mwingine hata baharini, mkabala wa kisiwa cha Mafia, ambako delta yenye misitu ya mikoko imejengwa kwa udongo huo huo.

2. Chembe tatu za udongo

Twaa udongo kidogo, uusugue kati ya vidole. Utaona ya kuwa si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa chembe za ukubwa mbalimbali. Wataalamu wamezigawa chembe hizo katika makundi matatu.

La kwanza ni mchanga. Chembe zake huonekana kwa macho na hukwaruza vidole. Kubwa zake hufika milimita 2, na ndogo zake ni kama sehemu moja ya ishirini ya milimita.

La pili ni tope laini. Chembe moja ya tope hili haionekani kwa macho matupu. Likikauka huwa kama unga, na likilowa huteleza mkononi lakini halinati sana.

La tatu ni mfinyanzi. Milimita moja ikigawanywa mara elfu, chembe ya mfinyanzi haizidi visehemu viwili. Mfinyanzi uliolowa hunata, tena waweza kufinyangwa chungu; ukikauka huwa mgumu kama tofali.

Kila kundi lina wema wake na upungufu wake. Mchanga hupitisha maji na hewa upesi, na jembe huingia bila taabu. Lakini hauwezi kuweka maji wala chakula cha mimea. Mfinyanzi hushika maji na chakula kwa nguvu, ila huzuia hewa, na wakati wa kiangazi hupasuka na kukata mizizi. Tope laini huweka maji mengi ambayo mizizi yaweza kuyanywa, lakini likiwa peke yake hugandamana juu baada ya mvua, hata mche mchanga ukashindwa kutokeza.

Udongo tifutifu ni ule uliopata kila kundi kwa kiasi chake. Mathalani, katika kilo 100 za udongo mkavu wa namna hii, zaweza kuwamo kilo 40 za mchanga, kilo 40 za tope laini, na kilo 20 za mfinyanzi. Usishangae kwamba mfinyanzi ni mchache kuliko vingine. Chembe zake ni ndogo mno, kwa hiyo idadi yake ni kubwa sana, na nguvu yake hupita uzito wake.

3. Jinsi mto unavyochagua

Mto hautui mzigo wake mahali pamoja. Maji yendayo kwa kasi hubeba chembe kubwa na ndogo pamoja. Yakipunguza mwendo huangusha zilizo nzito kwanza. Kwa sababu hii bonde la mafuriko hupangwa kwa utaratibu, kama mtu apepetaye nafaka.

Mto ukifurika na kupanda juu ya kingo zake, maji hupunguza kasi mara moja, nayo huangusha mchanga palepale ukingoni. Kwa hiyo kando ya mto hutokea tuta refu la asili, lililo juu kidogo kuliko nchi iliyo nyuma yake. Kupita tuta hilo maji huenda polepole, na hapo hutua tope laini pamoja na mchanga mwembamba na mfinyanzi kidogo. Hapo ndipo penye udongo tifutifu wenye kina. Mbali zaidi, katika mabonde yaliyoinama, maji husimama kwa majuma mengi kama bwawa. Huko mfinyanzi hupata nafasi ya kutua, na udongo wake huwa mzito, mweusi au wa kijivu, nao hupasuka nyufa kubwa wakati wa kiangazi.

Ukitembea kutoka ukingoni kwenda nyuma, utavuka aina tatu za udongo kabla ya kuchoka. Mkulima mwenye akili hazichanganyi. Mpunga huupanda panaposimama maji. Mahindi, kunde na maboga huyapanda katika tifutifu. Na penye mchanga huweka mazao yavumiliayo ukavu.

Lakini mto nao hubadili njia. Mahali palipokuwa ukingo zamani pengine leo ni mbali na maji. Kwa hiyo usistaajabu ukichimba tifutifu na kukuta chini yake mchanga mtupu. Maana yake ni kwamba mto ulipita hapo siku moja.

4. Faida ya kina

Watu wengi huutazama udongo kwa juu tu, wakasema, "Huu ni mweusi, ni mzuri." Yafaa tuutazame na chini vilevile. Udongo mwema wa juu, ukiwa na mwamba karibu chini yake, ni kama ghala zuri lisilo na nafasi ndani.

Tufanye hesabu. Udongo tifutifu wa kina cha meta moja waweza kuweka maji ya kunyweka na mimea ya milimita 150, na pengine zaidi. Tuseme mahindi yaliyokua hunywa milimita 5 kwa siku. Basi:

Kina cha nusu meta: milimita 75, yaani siku 15.
Kina cha meta moja: milimita 150, yaani siku 30.
Kina cha meta moja na nusu: milimita 225, yaani siku 45.

Hesabu hii yaonyesha kwa nini watu wa Rufiji waliweza kuvuna mara mbili. Mafuriko kwa kawaida huja wakati wa masika, na mara nyingi hufika upeo wake katika mwezi wa Aprili. Mpunga hupandwa kabla, nao hukua pamoja na maji. Kisha maji yakishuka, mkulima huyafuata nyuma hatua kwa hatua, akipanda mahindi, kunde au maboga katika ardhi yenye unyevu. Kilimo hiki huitwa mlao. Mvua imekwisha, jua ni kali, wala hakuna wingu. Lakini mimea hustawi, kwa sababu mizizi yake hufuata maji yaliyowekwa chini. Mgeni apitaye huona ajabu. Mwenyeji hastaajabu, maana ajua ghala liko chini ya miguu yake.

5. Kitabu cha tabaka

Chimba shimo la kina cha meta moja katika udongo wa namna hii, upande mmoja uwe umenyooka kama ukuta. Lisafishe kwa kisu, ulitazame. Utaona mambo manne.

Kwanza, utaona tabaka nyembamba zilizolazwa moja juu ya nyingine, kama kurasa za kitabu. Tabaka la mchanga laonyesha maji yaliyopita kwa kasi. Tabaka la mfinyanzi laonyesha maji yaliyosimama.

Pili, utaona weusi wa mboji. Katika udongo mwenyeji, mboji huwa nyingi juu na hupungua taratibu kadiri unavyochimba. Katika udongo wa mafuriko sivyo. Waweza kukuta tabaka jeusi, kisha jepesi, kisha jeusi tena. Lile jeusi la chini lilikuwa uso wa ardhi zamani. Majani yaliota juu yake, kisha mafuriko yakalifunika.

Tatu, chini utaona madoa. Mahali penye hewa, chuma kilichomo katika udongo hupata kutu, rangi ikawa nyekundu au ya machungwa. Mahali pakaapo maji siku nyingi rangi huwa ya kijivu. Madoa ya rangi zote mbili yaonyesha maji ya chini hupanda na kushuka hapo kila mwaka.

Nne, hutaona mawe makubwa. Mto ulikwisha kuyaacha nyuma karibu na milima.

6. Namna za kuupanga udongo

Udongo wa dunia ni wa namna nyingi, na kila apendaye kuujua hana budi kuupanga katika makundi. Ziko njia zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ni ya mkulima. Yeye huangalia rangi, ugumu wa jembe, muda wa maji kusimama, na zao listawilo. Njia hii haikuandikwa vitabuni, lakini imejaribiwa kwa njaa na shibe, tusiidharau. Ukimkuta mzee shambani, msalimu kwanza, "Shikamoo, babu," kisha umwulize udongo wa shamba lake waitwaje, na kwa nini amepanda zao hili hapa na lile pale. Utajifunza mengi.

Njia ya pili ni ya kutazama mteremko. Katika mwaka 1935 mtaalamu mmoja, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara, alieleza jambo aliloliona mahali pengi Afrika ya Mashariki. Aliona ya kuwa udongo wa kilele, wa ubavuni na wa bondeni hufuatana kwa utaratibu ule ule kila kilima, kama pete za mnyororo. Juu ni mwekundu. Chini yake hupauka. Na bondeni huwa mweusi na mzito. Mnyororo huo aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wataalamu wa dunia nzima wanalitumia neno hilo hata leo.

Njia ya tatu ni ya kuuliza: udongo huu ulifanyikaje, nao umekomaa kiasi gani? Katika ramani ya udongo wa dunia, ambayo maelezo yake yalitolewa na mashirika ya FAO na UNESCO mwaka 1974, udongo ulioletwa na mito uliitwa Fluvisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mto. Alama yake kubwa ni zile tabaka na ile mboji isiyopungua kwa utaratibu. Udongo wa mfinyanzi upasukao nyufa kubwa umewekwa katika kundi lingine, liitwalo Vertisoli.

Tena lazima kujua ya kuwa udongo huweza kuhama kundi. Fluvisoli ni udongo mchanga kwa umri, hata kama bonde lenyewe ni la kale, kwa kuwa mto huufanya upya kila ufurikapo. Mafuriko yakikoma kabisa, minyoo, mchwa na mizizi huchanganya zile tabaka hata zisionekane. Rangi hugeuka, na mabonge hujifanya. Baada ya miaka mingi udongo huo hauitwi tena Fluvisoli, bali huhesabiwa katika kundi la udongo ulioanza kukomaa, kama lile liitwalo Kambisoli. Mto ukiacha kuulisha, hubadilika hata jina.

7. Jaribio la shuleni

Jaribio la mkono. Lowesha udongo kidogo, uukande kama unga wa chapati. Jaribu kufanya tonge, kisha libinye kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ili litoke kama utepe. Mchanga haufanyi tonge imara. Tifutifu hufanya tonge, lakini utepe wake hukatika mapema, ungali mfupi. Mfinyanzi hutoa utepe mrefu unaong'aa, nao hunata vidoleni.

Jaribio la chupa. Twaa chupa ya kioo isiyo na rangi. Tia udongo uliopondwa hadi theluthi moja, ongeza maji karibu ijae, na sabuni ya unga kidogo. Funga, utikise kwa nguvu kwa muda wa dakika tano, kisha iweke mezani, wala usiiguse. Baada ya dakika moja, tia alama palipofika mchanga. Baada ya saa mbili, tia alama ya tope laini. Kesho yake au keshokutwa, maji yakianza kuwa meupe, tia alama ya mfinyanzi. Pima kila tabaka kwa rula. Ikiwa mchanga ni sentimeta 4, tope laini 4, na mfinyanzi 2, umepata tifutifu. Kipimo hiki si kamili kama cha maabara, lakini chatosha kumwongoza mkulima.

8. Hatari ya udongo wa mto na utunzaji wake

Maji yaletayo chakula yaweza pia kuleta msiba. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu wengi wa Rufiji kutoka bondeni, wakajengewa vijiji katika nchi ya juu. Huko walikuwa salama na maji, na shule na zahanati ziliweza kuwafikia. Lakini ardhi ya juu ni ya mchanga, haina rutuba ya bonde. Wengi waliendelea kushuka kulima, wakikaa msimu mzima katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Wasiojua waliweza kuwaona wakaidi. Lakini anayejua tofauti ya udongo wa juu na wa bondeni hawezi kuwashangaa.

Tangu hapo jambo jingine kubwa limetukia. Bwawa la umeme la Julius Nyerere limejengwa katika korongo la mto, juu ya bonde hilo. Lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022, nalo likaanza kutoa umeme mwaka 2024. Nguvu yake ni megawati 2,115, na faida yake kwa nchi ni kubwa. Lakini kanuni tuliyojifunza katika sehemu ya tatu haibadiliki: maji yakipunguza mwendo, huangusha mzigo. Mto uingiapo katika ziwa la bwawa husimama, na sehemu kubwa ya tope lake hubaki huko. Misri ilipata kujua jambo hili mapema. Baada ya bwawa kubwa la Aswan kukamilika mwaka 1970, tope la mto Naili lililolisha mashamba tangu zamani za Mafarao lilizuiliwa nyuma ya ukuta, na wakulima wakahitaji kununua mbolea zaidi.

Wala tusidhani ya kuwa hatari ya mafuriko imekwisha. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti.

Basi mkulima wa bonde afanye nini? Kazi iliyokuwa ya mto hana budi kuifanya kwa mkono wake. Asichome mabua, bali ayaache yaoze yawe mboji. Apande kunde na jamii zake kwa zamu na mahindi, kwa maana mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vinavyotia udongo naitrojeni kutoka hewani. Atie samadi apatapo. Tena asilime hata ukingoni mwa mto, kwa sababu matete na miti ndiyo yashikayo ukingo usibomoke; sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imelinda eneo la meta 60 kutoka ukingo wa mto.

Udongo wa bonde ulikuwa ukilishwa bure kwa miaka isiyohesabika, na watu wakauchukulia kama mali isiyokwisha. Sasa umekuwa kama ng'ombe aliyezoea malisho ya wazi, kisha akafungwa zizini. Maziwa yataendelea kutoka, lakini kwa yule tu akataye majani na kumpelekea.

Maneno ya kujifunza

Dungu: kibanda kilichojengwa juu ya nguzo, shambani.
Katena: mfuatano wa udongo kutoka kilele hadi bondeni.
Mboji: mabaki ya mimea yaliyooza na kuchanganyika na udongo.
Mlao: kilimo cha kufuata maji yashukapo baada ya mafuriko.
Tabaka: udongo uliolazwa kwa pamoja juu ya mwingine.
Tifutifu: udongo wenye mchanga, tope laini na mfinyanzi kwa kiasi kifaacho.

Maswali

1. Kuna tofauti gani kati ya udongo mwenyeji na udongo mgeni?
2. Kwa nini mchanga huonekana zaidi ukingoni mwa mto, na mfinyanzi mbali?
3. Shamba lina udongo tifutifu wa kina cha sentimeta 80. Kwa kutumia hesabu ya sehemu ya nne, mahindi yataweza kukaa siku ngapi bila mvua?
4. Umechimba shimo, ukakuta tabaka jeusi chini ya tabaka la mchanga. Eleza jambo lililotukia hapo zamani.
5. Fanya jaribio la chupa kwa udongo wa bustani ya shule na kwa udongo wa mto au kijito kilicho karibu. Andika vipimo vyote, kisha ueleze ni udongo upi ufaao kwa mahindi, na kwa nini.
6. Mwulize mzee mmoja wa kijijini kwenu majina ya aina za udongo azijuazo. Yaandike pamoja na zao listawilo katika kila aina.